Vikasha vya Kitumbi

Jumanne, 3 Septemba 2024. Kinjumbi

Nimefika jana jioni. Cherehani nimeiacha kwangu Mtanda, nimeifunika shuka, na wateja wangu wa Lindi nimewaambia watanikosa mpaka korosho ziishe. Mama aliteleza uani masika iliyopita na nyonga haijakaa sawa tangu siku ile. Anatembea kwa fimbo, na fimbo yenyewe anaichukia kama mke mwenza.

Korosho zimeanza kudondoka. Wa kuokota ni mimi na mdogo wangu Mudathiri, aliyerudi mwezi wa sita kutoka Moshi, alikokuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Wapagazi wa kule huitwa wagumu. Kwa Mudathiri, magoti ndiyo yaliyokataa ugumu, akarudishwa nyumbani na begi moja na mkono wa kheri.

Nimelala chumba kile kile cha utotoni. Nilipofungua dirisha asubuhi, kilima cha Kitumbi kilikuwa pale pale, kimejifunika ukungu kichwani. Nimekaa nikakitazama mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimegombana na Mudathiri. Nilimtuma gunia, akarudi saa sita amebeba vikopo vya plastiki, vile vya kuwekea chakula, vyenye kifuniko cha kubana. Amevipaka rangi ya majani.

"Vya nini?"

"Vya kuficha mlimani, dada."

Akanieleza huku korosho zikitungoja juani. Mtu anaficha kikasha mahali pazuri, anaandika mtandaoni kilipo. Mtu mwingine, awe Dar au Ulaya, anasoma kwenye simu, anafunga safari kuja kukitafuta. Akikipata anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, anachukua kitu kimoja kidogo, shanga au kifungo, na kuacha kingine. Kisha anakirudisha kama alivyokikuta. Kule Moshi wageni wake walikuwa wakifanya hivyo njia nzima.

"Na anayekipata anashinda nini?"

"Hashindi kitu."

"Basi kwa nini aje?"

Akafikiri. "Ili awe amefika."

Nikamwambia mtu mzima wa miaka arobaini na minne hafichi vifungo porini wakati mabibo yanaoza chini ya mikorosho. Akachukua gunia. Aliokota mpaka magharibi, na mimi nikaona haya, lakini sikumwomba radhi.

Jumatatu, 9 Septemba

Korosho. Mgongo.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama hajawahi kutuhadithia habari za Kitumbi. Tunajua tu kwamba walikuwa wanakaa kule juu, nyumba kadhaa za ukoo na majirani, na kwamba mwaka wa Operesheni Vijiji waliteremshwa huku barabarani. Alikuwa na mimba yangu. Kwa hiyo mimi nimeshuka Kitumbi nikiwa tumboni, na sijui hata njia. Tulipokuwa wadogo, tukimuuliza kuna nini kule, alikuwa akijibu, "Nyani."

Leo baada ya swala ya Ijumaa Mudathiri alikuwa anakula muhogo uani, akasema amepata mahali pa kikasha cha kwanza. Kuna jiwe la kusagia, amekificha chini yake.

Mama alikuwa anasikiliza redio. Akaizima.

"Jiwe lenyewe lina ufa?"

"Lina ufa, mama. Upande wa kushoto, kama umesimama unatazama bahari."

"Ukitazama bahari ni kulia. Umesimama vibaya." Akashika fimbo yake. "Hilo la Bi Zuhura. Alilia kuliacha jiwe kuliko alivyolia kuiacha nyumba. Lilikuwa halibebeki."

Kisha akawasha redio, akaongeza sauti.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Pilau kwa jirani. Saad, mtoto wao, ametusaidia kuingiza magunia ndani kabla hatujaenda. Kijana mwema, mcheshi, japo kijana ni jina tu, anakaribia arobaini.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepanda.

Nilikwenda ili nione upuuzi wa Mudathiri kwa macho yangu. Njia inaanzia nyuma ya mashamba ya mwisho, inapita mianzi, kisha inajikunja juu kwa juu kati ya mawe meusi. Mudathiri anapanda taratibu sana, hatua fupi fupi, hapumziki na hachoki. Mimi nilikimbia mwanzo, nikaishia kukaa njiani nikihema.

Nilitegemea msitu. Sikutegemea kuona wazi kwamba watu walikaa. Kuna minanasi iliyoota mwitu kwa safu, safu zilizopandwa na mkono wa mtu. Kuna matuta ya udongo mwekundu palipokuwa na kuta. Kuna chemchemi, na pembeni yake jiwe limelainika kwa miguu ya waliokuwa wakichota. Nikavua ndala nikaweka mguu wangu pale. Ulikaa sawasawa.

Sijui nilikumbuka nini, maana sina cha kukumbuka. Lakini kifua kilinijaa kama mtu aliyesikia wimbo wa unyago wake.

Niliporudi nilimpelekea Mama nanasi. Akalinusa muda mrefu kabla ya kulikata.

Jumatano, 25 Septemba

Mama sasa ndiye mwenye mchezo. Kila kikasha kinahitaji jina na fumbo la kumsaidia mtafutaji, na Mudathiri alikuwa ameandika "Kikasha namba moja, chini ya jiwe." Mama akamwambia hivyo ndivyo wanavyoandika watu wasio na kwao, kiitwe Kwa Bi Zuhura. Usiku huu wamekaa barazani, yeye anataja, Mudathiri anaandika kwenye simu.

"Hapo palipo na mkwaju uliopinda, mwandikie: hapa mume alimkuta mkewe anakula kuku peke yake."

"Mama, hilo si fumbo, hiyo ni fitina."

"Andika. Mwenyewe alishakufa, na kuku alishaliwa."

Nimecheka mpaka nimekohoa. Mama ana miaka sabini, na leo nimemsikia sauti ya msichana.

Jumatano, 2 Oktoba

Upepo mkali. Mtu kachoma pori upande wa Kikole, moshi umefunika Kitumbi siku nzima. Mama kauliza mara nyingi kama moto umepanda. Haukupanda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumepata watafutaji wa kwanza! Mwalimu Cecilia wa sekondari ya Kilwa Masoko na mumewe Francis, wamekuja kwa pikipiki. Walisoma mtandaoni usiku, asubuhi wakaondoka. Walishinda kutwa juu, wakarudi na miiba kwenye nguo na nyuso zinang'aa, wakapita nyumbani kusalimia.

"Shikamoo mama," alisema Cecilia.

"Marahaba mwanangu. Mnatoka wapi?"

"Tunatoka kwa Bi Zuhura."

Mama akajibu papo hapo, kama mtu yeyote angejibu, "Hajambo?"

Cecilia akamtazama mumewe. Kisha Mama mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga, na kicheko kilipokwisha aliendelea kujifuta. Cecilia akamshika mkono. Hawakuondoka mpaka wakala chakula, na Mama aliwahadithia yote ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuhadithiwa: mgambo walivyokuja asubuhi, walivyoambiwa washike wanachoweza kubeba, mapaa yalivyotiwa moto ili mtu asipate hamu ya kurudi. "Tulishuka mbio," alisema. "Sikugeuka. Nilikuwa nimebeba sufuria kichwani na huyu hapa tumboni."

Huyu hapa ni mimi. Nilikuwa nimeshika sinia ya wali, nikasimama nayo tu.

Mudathiri alikuwa ameinama anachora chini kwa kijiti. Nadhani nilikuwa sijamwelewa mdogo wangu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Watu wengine wamekuja wiki hii, kundi kutoka Dar na mzungu mmoja mwenye kofia kubwa. Mzungu ndiye aliyeharibu mambo bila kujua. Watu wamemwona anapanda na simu mkononi, anainama, anapekua mawe. Sasa kijijini maneno ni mamoja: mali za Mjerumani. Eti Wajerumani walipokimbia vita walizika rupia Kitumbi, na mzungu amekuja na ramani ya babu yake.

Saad alikuja jioni, akakaa karibu na Mudathiri.

"Kaka, mimi si mtu baki. Nieleze tu ukweli. Hizo alama kwenye simu ni za nini?"

Mudathiri akamweleza mchezo mzima. Akamwonyesha kikasha, shanga, vifungo. Saad alisikiliza kwa adabu, akatabasamu kama anayesema, basi, umeamua kunificha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Usiku joto halilaliki. Mnada wa korosho umeahirishwa. Sijamwona Saad.

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi jioni Saad aliingia uani na kitu kimefungwa kwenye fulana. Alikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa kwenye mkeka anapepeta mchele, mimi namenya vitunguu. Saad akatoa salamu, akamwendea Mudathiri, akafungua fulana. Sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu, imebanduka rangi na katikati ina tundu.

"Kaka, nipigie picha, uiweke mtandaoni. Tuulize inafikia kiasi gani. Hii ni ya Mjerumani kabisa. Tumeikuta chini ya nyasi, tumefika kina cha goti, bado tunachimba."

Mudathiri hakuigusa. Mama akaweka ungo chini.

"Lete hapa."

Saad akampelekea. Mama akaigeuza, akapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Hii sahani nimeiosha mimi," alisema. Sauti ilikuwa ya chini mno. "Nimeiosha kila siku tangu nikiwa mtoto. Tundu hili amelitoboa baba yangu kwa msumari, ili asije mtu akaichukua akaitumia. Mimi ndiye niliyeiweka juu ya kaburi la mama yangu. Mmechimba mpaka wapi, Saad?"

Saad akarudi nyuma hatua moja.

"Nimekuuliza, mmefika wapi?"

"Mama, wallahi sikujua kama ni kaburi. Hakuna kitu pale, mama. Ni nyasi tu na mawe."

"Mmemfikia?"

"Hatujafika, mama. Hatujafika."

Mama akaikumbatia ile sahani kifuani, akajifunika kanga kichwani. Saad alipiga magoti pale uani, watu wazima sote tunamtazama, na hakuna aliyemwambia inuka.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumepanda alfajiri, mimi, Mudathiri na mwenyekiti wa kijiji. Wamechimba mashimo sita. Jiwe la Bi Zuhura limepinduliwa na kupasuliwa. Kaburi la bibi limechimbwa upande wa miguuni. Alhamdulillahi, hawakufika alipolazwa.

Mwenyekiti alimuuliza Mudathiri kama amewauzia watu ramani. Mudathiri akasema hapana. Nikiwa na hasira zangu nikasema mbele ya mwenyekiti, "Hakuwauzia, amewapa bure. Kama si vikopo vyake nani angejua njia?"

Uso wake ulivyobadilika sitausahau. Akaanza kuvikusanya vikasha kimoja kimoja, akavitia kwenye begi, akarudi chini bila kutungoja.

Jumapili, 10 Novemba

Mama hasemi. Anakula kidogo. Redio imezimwa. Sahani ameiweka chini ya mto.

Saad kapita njiani, kainamisha kichwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Jana nilimkuta Mudathiri anafunga begi. Rafiki yake wa Moshi kampatia kazi ya kulinda stoo ya mahema. Nikakaa kitandani.

"Nilisema kwa hasira," nikamwambia.

"Ulisema kweli, dada."

"Haikuwa kweli yote. Umemfanya Mama aongee. Miaka hamsini hakuna aliyeweza."

Akaendelea kukunja shati. "Kule Moshi niliwapeleka watu wa dunia nzima kwenye mlima wa wenyewe," alisema. "Wakifika juu wanalia. Nikawa najiuliza, mimi mlima wangu ni upi? Nilitaka mtu apande kwetu, hata mmoja, afurahi. Basi."

Nilimkunjia suruali.

Leo alipokuja kumuaga, Mama akaongea kwa mara ya kwanza. "Huendi. Niitieni Saad."

Saad akaja, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Wewe na wenzako wawili uliochimba nao," Mama alisema. "Mtakwenda kufukia mashimo yote. Mkimaliza, mtanibeba mimi mpaka juu. Mudathiri atawaonyesha namna ya kubeba, ndiyo kazi yake. Nyonga yangu mbovu na mdomo wangu mbovu zaidi, kwa hiyo mjiandae."

"Ndiyo, mama," alisema Saad. Akatoka mbio, na nikamwona nyuma ya choo anafuta machozi.

Jumamosi, 23 Novemba

Tulikuwa tuondoke leo, mvua imetuzuia. Mvua ya kwanza. Tumekimbia kuanua korosho. Mashimo yote yamefukiwa. Mudathiri anawafundisha wale watatu uani kwa kubeba kitanda kitupu, kisha kitanda na gunia, kisha kitanda na mimi. Nimeogopa, nimecheka.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumempeleka.

Alivaa kanga mpya na wanja machoni. Kitanda kilifungwa mianzi pande zote, Saad na Mudathiri mbele, wenzake nyuma, mabegani wameweka kata za nguo. Mudathiri alikuwa anahesabu mwendo kwa sauti ndogo. Magoti yalimuuma, nilimwona akiuma midomo, lakini hakukubali kupokewa. Mama aliwatukana njia nzima, kwamba wanamtikisa, wanachelewa, wananuka. Tulipofika kwenye mianzi akaacha kutukana. Tangu hapo alikuwa anatazama tu.

Juu aliomba ateremshwe. Nikampa mkono, akachukua fimbo. Alitazama kushoto, kulia.

"Padogo," alisema. "Nilikuwa naona ni mji mkubwa."

Nilidhani atakwenda moja kwa moja kaburini. Hakwenda. Alijikongoja mpaka kwenye tuta la kwanza, lililo karibu na jiwe lililopasuka, akasimama nje ya mahali ulipokuwa mlango.

"Hodi kwa Bi Zuhura!"

Akangoja. Akangoja muda ambao mtu hungoja kweli, akiwa ameinamisha sikio. Upepo ukapita kwenye nyasi. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda tuta la pili. Hodi. Akangoja. La tatu. Sisi tulimfuata nyuma, na hakuna aliyecheka. Kila mlango alikuwa anaongeza kitu kidogo, salamu, au pole ya msiba wa zamani, au "nimekuja na wanangu."

Kwenye tuta lililo chini ya mkwaju uliopinda akageuka.

"Saad. Hapa ni kwa babu yako, mzee Abilahi. Mama yako amezaliwa humu. Piga hodi."

Saad alisimama kama amepigwa msumari. "Mimi sikujua, mama."

"Sasa umejua. Piga."

"Hodi," alisema, sauti ikakatika katikati.

Mama akaitikia kwa niaba ya wenye nyumba. "Karibu, mjukuu wetu. Pita."

Saad akaingia ndani ya lile tuta la udongo, akakaa chini, akajiinamia. Tukamwacha.

Tuta la mwisho liko ukingoni, panapoonekana bahari. Mama alipolifikia hakusimama nje. Alipita tu, akaingia, akajishusha polepole mpaka chini, akanyoosha mguu wake mbovu. Nikamuuliza mbona hapa hakupiga hodi.

"Kwetu hapa," alisema. "Mtu hapigi hodi kwao."

Akapapasa pembeni yake, nami nikakaa.

Kaburini tulisoma Yasini. Mama aliirudisha sahani kwa mkono wake mwenyewe, Saad akaweka mawe kuizunguka, jiwe kwa jiwe, ili hata mgeni ajue. Ndipo Mudathiri akafungua begi lake, akatoa kikasha kimoja, akakishika mkononi. Mama alimtazama.

"Kiweke pale njia inapoingia kijijini huku," alisema. "Mgeni hukaribishwa mlangoni. Ndani wataingia wewe ukiwa nao. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama."

"Na fumbo nitakutajia mimi."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya, tukamlaza kitandani tukaanza kushuka. Mteremko una mawe yanayoteleza, na wale watatu kwa kuogopa mvua walianza kuongeza mwendo. Mama alikuwa amefumba macho. Nikafikiri amelala, nikawaonyesha kwa mkono wasimwamshe.

"Sijalala," alisema. Akafumbua macho, akageuza kichwa, akatazama nyuma juu tulikotoka, akatazama mpaka akatosheka. "Nendeni polepole, wanangu. Leo hatufukuzwi."

Wakapunguza mwendo.